Kidonge Kwenye Kopo

Ting'.

Kitu kidogo kiligonga bati gizani, nyuma ya pazia. Fundi cherehani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemzimia baba mkwe wake taa, aliiwasha tena. Akalivuta kopo la kutemea kutoka chini ya kitanda, akachungulia.

Kidonge cha usingizi kilikuwa kimenasa kwenye makohozi, kimeota povu pembeni. Na hakikuwa peke yake. Chini kulikuwa na vingine, vimelainika vikawa uji mweupe unaovutika kama kamasi. Kumbe ndiyo maana mzee hakutaka kopo lake limwagwe na mtu mwingine!

"Baba! Dawa unaitema?"

Mzee alifuta mdomo kwa kiganja, kisha akakifuta kiganja kwenye shuka. "Inanilaza mno, mwanangu."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Lala wewe. Kesho una mashine."

Fundi alilisukuma kopo kwa mguu likarudi chini ya kitanda. Kopo lilikuwa nusu tu ya mambo. Kila usiku, kabla kidonge chake yeye mwenyewe cha usingizi hakijamchukua, alimsikia mzee akiburuta kandambili ukumbini, akikohoa, akisukuma mlango wa chumba cha mtoto. Asubuhi alimkuta amejikunja kitini kando ya kitanda cha mjukuu, udenda umemkaukia ndevuni, chumba kizima kinanuka jasho la jana. Na mtoto mwenyewe ana pumu! Hata dawa yake ya kuvuta siku hizi ilikuwa ikiisha upesi. Bila shaka mzee alimwachia aichezee.

Mumewe, dereva wa malori, akipigiwa simu alisema, "Mvumilie baba." Rahisi kusema ukiwa mbali na lile kopo.

Dawa yenyewe waliandikiwa wote wawili. Zamu za kiwandani zilikuwa zimemvuruga mama huyu usingizi hadi sindano ikamtoboa kidole, na siku aliyokwenda kwa daktari akamburuta na mzee, maana naye usiku halali. Tangu hapo yeye alilala fofofo, akaamka mtu mpya. Mzee raha hiyo haitaki kwa nini?

Kiwandani alimsimulia mwenzake wa mashine ya pili.

"Shoga, na wewe unambembeleza?" mwenzake akamcheka. "Saga, tia kwenye uji, koroga. Mzee ni mtoto mwenye ndevu tu."

Jioni ile alikisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko. Mzee aliunywa uji wote, akalamba na kijiko.

"Leo hukunibania sukari," akasema. "Mungu akuzidishie."

Haukupita muda akawa chali, mdomo wazi, meno ya bandia yameteleza nusu nje, mate yakimchirizika shingoni. Mama aligeuza uso pembeni, akayachomoa meno kwa ncha za vidole kama anayeokota panya aliyekufa. Akanawa mikono. Akanawa tena.

Kisha nyumba ikatulia. Si kandambili, si kikohozi. Akameza kidonge chake, akajifunika, akalala akitabasamu.

Alipoamka, jua lilikuwa limeshaingia ndani. Kutoka mlangoni alimwona mtoto kwa mgongo, amepiga magoti kando ya kitanda cha babu yake, anauvuta mkono wake kwa nguvu zote. Mzee alikuwa bado anakoroma.

"Mwache babu, kipenzi," mama alisema. "Leo amelala kama watu."

Mtoto aligeuka. Midomo yake ilikuwa imefifia rangi, kifua kikipiga mluzi, na kichupa cha dawa ya kuvuta amekikumbatia tumboni. Alivuta pumzi, haikutosha, akavuta nyingine.

"Babu ndiye huamka nikikosa pumzi," akasema, "wewe unanitazama tu, halafu unalala tena."