Simu Kitandani mwa Bweha

Walikuwapo wanyama wenye bunge, kama sisi tu. Mheshimiwa Bweha, ambaye tangu azaliwe hula makombo ya Chui, akaleta muswada: kila mnyama awe na simu shimoni mwake, ilie kwa nguvu yeye akibonyeza kitufe kila Chui akikaribia.

"Emergency ni emergency, ndugu zangu!"

Ngiri akapiga kwato hata kabla hajaulizwa. "Ndiyooo!"

Kwale, mama mwenye vifaranga, hakupiga. "Mheshimiwa, Chui akija sisi hulala majanini kimya, hata pumzi tunaibana. Simu ikilia si itamwonyesha tulipo?"

"Mama, acha ushamba. Hii ni system ya kisasa."

"Yako umeiweka wapi?"

"Waheshimiwa tumesamehewa."

"Basi nisamehe na mimi."

"Sheria haibagui," Bweha akajibu, na muswada ukapita.

Kwale akapokea simu yake, thank you very much, akajipenyeza kwa nyuma pangoni mwa Bweha, akaisokomeza chini ya kitanda chake cha majani.

Chui alipotokea, Bweha, akiwa pangoni mwake, akabonyeza kitufe chake kwa furaha. Mashimo yote yakalia. Chui, mvivu wa kutembea, akaufuata mlio wa karibu zaidi, akaingiza mkono, akavuta mkia.

"Mzee, ni mimi! Mimi ndiye niliyekutungia sheria!"

"Si uliniambia haibagui?" akauliza Chui, akatafuna.

Majanini, vifaranga wa Kwale hawakutoa hata pumzi.