Motokaa Isiyotembea

Paskalia alimkuta mumewe akipaka samli viti vya motokaa. Ilikuwa samli ya mwisho nyumbani, mabaki aliyoyaficha nyuma ya mtungi ili ayatie kwenye uji wa watoto.

"Baba Nkwabi," alisema, "hata kiti nacho kina njaa?"

Bujiku hakuinua uso. "Ngozi ikikauka inapasuka," alijibu, akaendelea kusugua.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka michache tu, na mvua nayo ikakikimbia kijiji chao cha Didia. Mtama ulikauka kabla ya kutoa masuke. Ng'ombe walikufa mmoja mmoja, na ghala likabaki na vumbi. Mwanao Nkwabi, aliyezoea kufukuzana na ndama, sasa alishinda amelala mlangoni. Mdogo wake alikuwa ameacha hata kulia. Kwao Paskalia hakukuwa na la kutegemea, maana nako walikuwa wakichemsha mizizi.

Na katikati ya dhiki yote hiyo, ndani ya kibanda cha nyasi, ilikaa Ford nyeusi juu ya mawe, imefunikwa ngozi za ng'ombe. Bujiku alikuja nayo kutoka Geita, alikokuwa akifanya kazi mgodini, kabla hajamwoa Paskalia. Dereva wa kukodi aliifikisha, akashuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo haikutoka. Baiskeli ya katekista ilikuwa imekwenda maili nyingi kuliko motokaa ile. Watu walisema Bujiku aliokota dhahabu akainunua, naye hakukubali wala hakukana. Vilabuni walimtania kwamba ana wake wawili: mmoja anampikia, mwingine anampangusa vumbi.

Paskalia hakuucheka utani huo. Aliichukia ile motokaa, na kadiri njaa ilivyozidi, chuki nayo ilizidi.

Siku ile ile akafika Donatus, mchuuzi mwenye lori, aliyekuwa akipeleka chakula kwa wachimbaji wa Geita. Alikwisha kuja mara mbili kuitaka Ford ile, akarudi mikono mitupu. Safari hii lori lake lilijaa magunia ya mtama na udaga wa mihogo, na vikapu vya michembe ya viazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huko Geita umemwona Melania wangu?"

Melania alikuwa binti wa Bujiku kwa mke wake wa kwanza, aliyekwisha kufariki. Aliolewa Kalangalala, hukohuko Geita, na mnunuzi wa dhahabu aitwaye Kalisti. Mgeni wa kutoka Geita hakupita pale bila kuulizwa habari zake.

"Nilimwona sokoni, mzima," Donatus alisema. "Ila alijifunika kanga upande mmoja wa uso. Anasema jicho linamsumbua."

Bujiku alikwenda akainama kwenye tairi la mbele, akasogeza jiwe, kisha akalirudisha palepale.

"Mzee, mzigo wote huo ni wako," Donatus alisema. "Nipe gari tu. Kuendesha kwenyewe hujui."

"Haliuzwi."

"Haya. Nikishapumzika naondoka. Mtama haukosi mlaji mwaka huu."

Paskalia alimfuata mumewe kibandani, akapiga magoti mbele yake. Hakuwahi kumpigia magoti kwa jambo lolote, hata siku ya harusi alikuwa amesimama wima watu wakamsema. "Unamwekea nani gari hili? Huliendeshi, hulipandi. Niambie tu, nami nitanyamaza."

"Mambo mengine, Mama Nkwabi, ukiyataja unayaita."

"Basi yanyamazie mbele ya mwanao."

Alitoka, akambeba Nkwabi kutoka mlangoni, mwepesi kama tita la kuni kavu, akamlaza juu ya kiti cha nyuma. Mtoto alifumbua macho. Akanusa. Kisha akageuza kichwa polepole, akaanza kuilamba ngozi ya kiti.

Bujiku alimtazama. Alimwacha alambe, maana hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Akajifunika uso kwa viganja viwili, mtu mzima yule, mabega yakamtikisika.

"Mwite Donatus," alisema.

Utingo wa lori aliishusha kwenye mawe, akatia petroli, akaingiza hendeli, akazungusha, na motokaa ikaitika mara moja kana kwamba ilizimwa jana. Ilishika barabara ya Tabora, ambako Donatus alikuwa na tajiri anayeisubiri. Bujiku hakutoka kuitazama. Alikaa ndani, uso ukutani, na ugali ulipoiva hakuugusa.

Lakini watoto walikula. Siku zilivyopita Nkwabi akasimama, akadai kuongezwa, akampiga mdogo wake, na Paskalia alifurahi hata kwa ugomvi huo. Mumewe alizidi kukonda kwenye nyumba yenye chakula. Atazoea, Paskalia alijiambia. Mwanamume na mchezo wake.

Asubuhi moja alikuwa akikifagia kile kibanda ili aweke kuku, akasikia hodi. Mwanamke alisimama uani na kifurushi kichwani, miguu imejaa vumbi la barabara. Jicho moja lilikuwa limevimba likafumba, na mdomo umepasuka. Ilimchukua Paskalia muda kumtambua Melania.

"Mwangaluka, mama," Melania alisema. Alikuwa akitabasamu kwa upande ule mzima wa mdomo, kama mtu aliyetua mzigo. "Baba yuko? Mwambie yamekwisha. Kalisti amekubali mbele ya wazee kuniacha, na kesho anakuja na dereva kuichukua ile motokaa aliyonitolea mahari."