Dubu wa Nguzo ya Kona

"Watoto! Watoto gani wana ndevu, Heriberto?" Bi Earline alisimama kwenye ngazi za mlango wake, mikono kiunoni, na sauti yake ilishafika kona ya pili. "Wanatoka huko mashambani kwao, wanakuja kusomea umaskini wetu, halafu wanatupa vitu vya marehemu kama maganda ya viazi!"

"Nimesema hawakujua." Don Heriberto alikuwa ngazi za jirani, akimenya chungwa. "Wamefagia. Si wewe kila siku unalalamika mtaa mchafu?"

"Nalalamikia makopo ya bia, mzee. Sijalalamikia dubu wa Kymir!"

Kymir wa Bi Corliss alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwezi wa tano alipigwa risasi isiyo yake chini ya nguzo ya taa, akirudi na mkate. Kesho yake watu wakaanza kufunga dubu wa kuchezea kwenye nguzo ile, kama tunavyofanya kaskazini ya Philadelphia anapouawa mtu barabarani. Wadogo, wakubwa, mmoja wa buluu karibu kimo cha mtoto. Chini yao mishumaa ya vioo, maputo, maua. Hadi mwezi wa kumi walikuwa bado pale, na hata walevi wakifika kwenye nguzo walishusha sauti.

Halafu Jumamosi wakaja wanafunzi wa chuo cha Kikristo. Chuo chenyewe kiko mbali, kati ya mahindi na ng'ombe, ila kampasi yake ya mjini ni ile nyumba ya matofali karibu na kituo cha treni. Kila muhula linaletwa kundi jipya kujifunza mji na huduma. Wanakaa ngazini na wazee, wanauliza maswali, wanachora ramani za mitaa. Siku hiyo walikuja na mafagio. Kufika saa sita mchana walikuwa wamejaza mifuko myeusi arobaini, na jioni Bi Earline alipotoka kumwagilia maua yake aliikuta nguzo tupu.

Kiongozi wa zamu upande ule alikuwa Galen Brubaker, miaka ishirini, mtoto wa mfuga ng'ombe. Mwalimu wake, Profesa Whitlow, alimwita.

"Hao dubu uliwaona?"

"Sikuwaona. Niliona vioo vimevunjika, maua yamelowa mvua ya jana yake, kamba zinaning'inia. Wenzangu walijaza, mimi nikapakia. Mifuko yote imepita mikononi mwangu."

"Hapa hatuandiki barua ya kuomba radhi, Galen. Aliyekosea anakwenda kugonga mlango."

Galen kwanza alikwenda jalalani. Wakamwambia taka za Jumamosi zimeshafukiwa, akachakura hivyo hivyo kwa mikono. Akarudi chumbani, akaitazama ramani aliyoichora mwezi wa tisa na kupewa alama za juu. Ilikuwa na kila nyumba, kila mti, mpaka paka wa Don Heriberto. Nguzo hakuichora.

Mtaani nako hukumu ilishatoka. Bi Earline alitangaza kwamba Bi Corliss asipomsamehe yule kijana, hakuna mwanafunzi atakayekalia ngazi yoyote hapa tena, si muhula huu wala mwingine.

Bi Corliss mwenyewe hakutokea. Tangu mazishi alikuwa anafungua mlango kwa mleta barua tu. Bi Earline alikuwa amempelekea habari jioni ile ile, akipiga kelele kupitia tundu la barua: "Corliss! Wametupa dubu wa mtoto wako!" Kutoka ndani alijibiwa, "Sawa, Earline."

"Sawa!" Bi Earline aliwasimulia wote waliopita. "Maskini, hata kulia hajui tena."

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, Galen akaja peke yake, shati limepigwa pasi. Ngazi zote zilikuwa zimejaa watu, hakuna aliyejifanya ana shughuli nyingine.

"Huyo kijana wa maziwa huyo," mtu alisema, na wengine wakacheka kidogo.

"Nyamazeni," Bi Earline akawakata. Kisha akamwambia Galen, "Usimpe mkono mpaka akupe yeye. Na usimsomee Biblia. Anayo."

Don Heriberto akavua kofia.

Galen akagonga. Akagonga tena, mlango ukafunguka nusu, ikatoka harufu ya mabawa ya bata mzinga na makaroni ya jibini kutoka jikoni. Bi Corliss alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania.

"Mama, naitwa Galen. Mimi ndiye niliyetupa dubu wa mwanao. Nimewatafuta mpaka jalalani. Sina..." Maneno aliyoyakariri wiki nzima yakamkimbia. "Sina cha kukurudishia."

Bi Corliss alimtazama kucha zake, bado zina weusi wa jalala.

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Unampigia simu?"

"Mara moja moja."

"Mpigie leo."

Akaufungua mlango wote, akatangulia ndani bila kugeuka. Galen akamfuata hadi chumba cha chakula, akasimama hapo hapo kizingitini.

Meza ilikuwa na viti sita, na hakuna kilichokuwa kitupu. Dubu walikuwa wamekalishwa wawili wawili, watatu watatu, manyoya yameoshwa na kuchanwa. Yule wa buluu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho, sahani mbele yake.

"Ijumaa ile, kabla hamjaja na mafagio, ilinyesha," Bi Corliss alisema, akichukua sahani nyingine kabatini. "Ningewaachaje nje? Kaa ule, mwanangu. Hao wadogo wapakate, upate kiti."