Glasi ya Pasheni

Kila Jumamosi baba, mama na binti yao walijaribu vitafunio na vinywaji vipya vya supamaketi, mmoja wao akifungwa macho kwa kitambaa cha jikoni ili abahatishe ladha. Leo ilikuwa zamu ya baba, mpishi mkuu wa hoteli, ambaye ulimi wake haukuwahi kukosea.

Binti yake, kicheko kimembana, akakoroga vijiko viwili vya chumvi kwenye glasi ya juisi, akampa. Mama akashika tambara tayari, maana alijua mzaha huo utaishia sakafuni.

Baba akainusa, akapiga mafunda mawili makubwa. Tone likamtiririka kidevuni. Akalifuta kwa kidole, kisha akakilamba.

"Pasheni! Tamu hasa. Hebu niongezeeni."

Binti akaangua kicheko. "Baba bwana, kwa kuigiza hujambo!"

Mama hakucheka. Aliichukua glasi, akaonja, akatema kwenye sinki. Chumvi tupu.

Miezi yote hii, kila mchuzi ukikaribia kuiva, mumewe alimletea kijiko mdomoni: "Onja wewe kwanza, mpenzi." Naye, masikini, akawa anawaringia rafiki zake jinsi anavyopendwa.

"Jamani, mbona kimya?" akauliza baba, macho bado yamefungwa. "Kwani nimekosea?"