Kijiko cha Kwanza

Mwashi alifumba midomo. Mkewe akamsogezea tena kijiko cha supu, naye akageuzia uso ukutani.

"Kula, mume wangu. Daktari kasema usipokula hutapata nguvu."

Ilikuwa siku yao ya kwanza nyumbani tangu kiharusi kimwangushe kazini, mwiko ukiwa mkononi. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yalikuwa hayamtoki.

"Mama, labda ni ya moto," binti yao alisema.

Mama akaonja. Haikuwa ya moto.

"Basi unataka nini?" akafoka, na papo hapo akajuta.

Ndipo alipouona mkono wa kushoto wa mumewe ukitambaa juu ya blanketi, ukiutafuta ule wa kulia. Vidole vyenye sugu za saruji viliunyanyua, ukaanguka. Vikaunyanyua tena, vikaufumbata.

Mumewe alikuwa anasubiri sala. Miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyemshukuru Mungu mezani, mkewe akiitikia "Amina" tu huku akipakua.

Mama akaweka kijiko chini. Tangu hospitali alikuwa ameomba, amelia, hata amemlaumu Mungu. Kushukuru hakukumjia hata mara moja. Sasa macho ya mumewe yalimkazia, yakingoja.

"Baba yetu, tunakushukuru..."

Kwa lipi? Akautazama mdomo uliopinda.

"Tunakushukuru," alirudia, asiweze kuendelea.

"Aa... mii...," mwashi akajikakamua, machozi yakimtiririka hadi shingoni.