Gari la Kila Siku

"Tupite tena," alisema yule mwanamke. Ilikuwa mara ya tatu.

Douglas aliitupia saa yake jicho. Miaka tisa alikuwa akiuza magari Walthamstow, na hakuwahi kupata mteja wa namna hii. Barabara kuu hakuitaka. Kasi hakuijali. Alizunguka tu mitaa ileile minne nyuma ya soko, polepole, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani kama mtu anayejifunza.

Alikuwa amejitambulisha kwa jina la Gakii, muuguzi, mtu wa makamo, koti limefungwa vifungo hadi shingoni. Pale yadi, mara tu aliposikia lafudhi ya Douglas, aliacha Kiingereza akaongea Kiswahili.

"Kaka, nataka kujua kama hili linafaa kwa kila siku. Shule, soko, kazini. Safari sina."

Alikuwa akionyesha stesheni wagoni nyeusi, gari la kifahari kuliko yote pale yadi. Bei hakuuliza. Alipoketi, mkono wake ulishuka moja kwa moja kwenye kitufe cha kiti bila yeye kutazama.

"Umewahi kuendesha kama hili?" Douglas aliuliza.

"Kama hili, ndiyo. Sasa ni mwaka mzima sijagusa usukani."

Douglas akaanza kulisifu, kama kazi yake ilivyomtaka. Buti refu, hata baiskeli za watoto zinaingia bila kukunjwa. Viti vinajipasha joto. Na utulivu! Ukifunga mlango, London yote inabaki nje.

"Mtu akilia huko nje," Gakii aliuliza, "utamsikia?"

Douglas alicheka. Gakii hakucheka.

Kwenye mzunguko wa pili ndipo Douglas alipoanza kuingiwa na baridi. Walifika kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, karibu na shule. Hapakuwa na mtu. Gakii alisimama. Alisubiri. Macho yake yalisogea taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, kana kwamba yanamsindikiza mtu mwenye hatua fupi. Gari la nyuma lilipiga honi, likapiga tena. Gakii hakuondoka mpaka macho yake yalipofika ukingo wa pili.

Sasa walikuwa wamekaribia palepale tena. Manyunyu ya Januari yalitua kwenye kioo. Gakii aliegesha pembeni, hatua hamsini kabla ya kivuko.

"Una watoto?"

"Mmoja. Anaitwa Daisy. Ana miaka sita."

"Anafika wapi?"

Douglas aligusa kifua chake, chini kidogo ya mfuko wa shati.

"Nisaidie, kaka. Nenda usimame pale kwenye kivuko, upande wa kulia. Jikunje uwe na urefu wake. Mimi nitakuja polepole."

"Dada, gari hili lina kamera. Lina vihisio. Linaweza hata kufunga breki lenyewe..."

"Kamera nazijua. Nataka kujua macho ya mtu yanaona nini." Aligusa nguzo nene iliyoshika kioo cha mbele, upande wake wa kulia. "Watu husema hii inaficha."

Angeweza kukataa. Lakini sauti ile ilikuwa ya mtu anayeomba maji, na Douglas alijikuta ameshafungua mlango.

Alichuchumaa ukingoni, suti yake ikilowa magotini. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kigari cha mtoto alimtazama, kisha akaharakisha mwendo. Gari likaanza kuja. Halikuwa na mlio wowote. Kutoka pale chini boneti ilikuwa ndefu na pana, na nyuma ya kioo uso wa Gakii ulikuwa mweupe kwa mwanga wa mawingu, macho yamemkazia. Kwa sekunde moja Douglas alihisi kwamba halitasimama.

Lilisimama mita mbili kutoka kwake.

Alipokuwa akijishika kwenye mlingoti wa taa ili ainuke, ndipo alipoona. Chini ya mlingoti palifungwa maua, mengine makavu, mengine ya juzi. Katikati yake, ndani ya plastiki, kulikuwa na picha ya mtoto wa kiume mwenye sare ya shule, anacheka, meno mawili ya mbele hayapo.

Douglas alirudi garini na kufunga mlango taratibu. Kelele zote za nje zikakatika. Gakii hakuwa amegeuza kichwa kuelekea yale maua, wala hakugeuza sasa. Machozi yalimtiririka hadi kwenye kola ya koti, naye hakuyafuta.

"Uliniona?" Douglas aliuliza.

"Tangu mwanzo. Hukupotea hata mara moja."

"Ukitazama mbele, utaona. Nguzo hizi wanazisingizia bure."

"Polisi waliambiwa kwamba ilimficha," Gakii alisema. "Wakaandika. Wakafunga faili. Wazazi wakaambiwa ni ajali, hakuna wa kulaumiwa."

Douglas alimfikiria Daisy, na hasira ikampanda. Akasahau kabisa kazi iliyomleta. Akaweka mkono begani mwa yule mwanamke.

"Pole sana, dada yangu. Aliyesema hivyo alidanganya, na mimi niko tayari kuja kutoa ushahidi. Mtoto wako aliitwa nani?"

Gakii alizima gari.

"Si mtoto wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia polisi."