Swali la Nyamizi

Mbele ya jeneza la Mwalimu Maganga, mwenyekiti wa mtaa alihitimisha sifa zake: "Fimbo yake ndiyo iliyotufanya watu!"

"Kweli kabisa!" waombolezaji wakaitikia.

Nyamizi, fundi cherehani aliyefundishwa na marehemu shule ya msingi, alishindwa kuvumilia. Akasimama, akainua kidole kilichopinda.

"Alinivunja hiki nikiwa darasa la tatu, kwa kuwa niliuliza swali. Tangu hapo nikajua kuuliza ni utovu wa adabu. Mume wangu, daktari, hata wewe mwenyekiti, sijawahi kuwauliza kitu. Leo nauliza: huko ndiko kufanywa mtu?"

"Mama, marehemu hasemwi vibaya. Kaa chini!" mwenyekiti akamkemea.

Nyamizi hakukaa. Alisubiri jibu. Nyuma ya umati, mzee mmoja akaanza kupandisha mkono wa shati lake, polepole, hadi kovu la zamani la fimbo likaonekana.